Jinsi Paja Langu Lilivyohamia Mkononi

Nilikataa kueleza mpaka rangi itoe jibu lake. Sasa imejibu, nanyi mmenisumbua vya kutosha. Kila mmoja ananivuta pembeni harusini na msibani: "Mama Divine, ilikuwaje huko?" Nimechoka kusimulia vipande vipande, tena kwa watu ambao tayari wanazo habari zao kunihusu, na habari zao ni tamu kuliko zangu. Basi someni hapa. Mambo ya pasipoti na vyeti nimeyaruka, hayajawahi kumchekesha mtu.

Kwa asiyenijua: mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, naishi Mutanga Nord, hapa Bujumbura, mzaliwa wa Uvira niliyeolewa na Mrundi. Miaka kadhaa iliyopita mgongo wa mkono wangu wa kulia ulianza kupoteza rangi. Kwanza doa dogo karibu na kidole gumba, kisha weupe ukatambaa, ukafunika vifundo vya vidole na kuishia pale saa inapovaliwa. Ugonjwa huu unaitwa vitiligo. Hauumi, hauwashi, hauambukizi. Wanafunzi wangu waliniuliza siku moja, nikawajibu, wakarudi kwenye hesabu zao za kugawanya. Kanisa langu lilihitaji muda zaidi.

Mnaijua desturi yetu. Mtu ambaye mkono wake ni mchafu au umelowa hakupi kiganja. Anakunja ngumi na kukupa kifundo cha mkono, unamshika hapo, mnasalimiana. Ni adabu nzuri. Lakini tangu mkono wangu ubadilike, Bujumbura nzima ilichafuka mikono. Mimi nilikuwa protokole kanisani, yaani mtu wa mlangoni, anayewapa watu mkono na kuwaonyesha pa kukaa. Jumapili hata Jumapili, watu walionukia sabuni na manukato walinipa vifundo vya mikono kana kwamba wametoka kufyatua matofali. Mwishowe Papa Samueli, mkubwa wa protokole, akaniita kando.

"Mama Divine, tunaona unachoka kusimama. Utatusaidia kupanga viti."

Sikuwa nimechoka. Mwalimu wa shule ya msingi hasimami, anaishi wima. Nilipanga viti vile muda mrefu, nikiwatazama wengine wakisimama mahali pangu. Niliutaka mlango wangu. Niliutaka mpaka nikauota. Anayesema nilisafiri kufuata urembo, mwambieni akaviulize viti.

Kutoka Bujumbura hadi mpakani

Daktari wa ngozi wa hapa mjini aliniambia kwamba doa langu limetulia. Halikuwa limesogea kwa zaidi ya mwaka, na doa lililotulia hivyo linaweza kupandikizwa chembe za rangi kutoka kwenye ngozi nzima. Yeye hafanyi kazi hiyo, lakini alimjua anayeifanya Dar es Salaam. Sharti moja: niende na mtu wa kunihudumia, maana mkono ungefungwa na nisingeruhusiwa kuutumia.

Mume wangu hakuweza kuacha kazi, akamtoa dada yake, Goreth. Nilimshukuru kwa mdomo. Goreth ni wifi yangu, ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na ndiye mtu wa kwanza katika ukoo mzima kuchafuka mkono.

Basi lilipaswa kuondoka asubuhi na mapema. Halikuwa na mafuta. Dereva akapanda teksi kwenda kuyatafuta, na teksi nayo ikazimika njiani kwa kukosa mafuta, kwa hiyo tukawa tunangoja mafuta ya kumrudisha mtu aliyekwenda kutafuta mafuta. Hamhitaji maelezo zaidi; nanyi mnaishi hapa.

Kuchelewa huko kulimpa Pasta nafasi ya kuja kutuaga. Aliuombea mkono wangu kwa sauti iliyosimamisha wapita njia, na mkono wake ulielea juu ya wangu muda wote bila kuugusa, kama mtu anayesikiliza joto la sufuria. Aliposema amina aliurudisha mfukoni haraka.

Akaja pia Mama Zawadi. Huyu anauza ndagala, vile visamaki vya ziwani, anatoka Carama, na kanisani hukaa nyuma kabisa kwa sababu ya harufu ya biashara yake. Alinipa kifurushi cha ndagala za kukaanga, akakunja ngumi na kunipa kifundo cha mkono.

"Mi sikupatie mukono, mama. Natoka kupanga samaki."

Huyo nilimwamini. Magamba yalikuwa yaking'aa kwenye kucha zake. Siku nyingine zote hunipa kiganja kizima na kunishika mpaka amalize kunieleza habari za nyumbani kwake, na habari za nyumbani kwake si fupi.

Tuliondoka jua likiwa juu. Bwana mmoja wa kiti cha mbele aligeuka, akautazama mkono wangu tangu milima ya kwanza, na kabla hatujafika Gitega akawa ameshapata jibu.

"Mama, hiyo maladi mi naijua. Ulikunywa maziwa, ukakula na karanga."

"Apana," akasema mama aliyekaa nyuma yetu. "Hiyo ni mutu wa kwao alikufa bila kumusamehe."

Goreth alitikisa kichwa kukubaliana na yule bwana, kisha akatikisa kichwa kukubaliana na yule mama. Mimi nilifungua ndagala, nikala. Ukiwa na mdomo uliojaa hulazimiki kujibu.

Mpakani kulikuwa na hema la wauguzi, kwa ajili ya ule ugonjwa wa vipele uliokuwa ukitangazwa redioni. Foleni ilikuwa ndefu. Niliponyosha mkono kupokea maji ya kunawa, mtu mmoja nyuma yangu akapiga kelele: "Huyu iko nayo!" Mara nikasikia baridi mgongoni, kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kuzuia upepo. Watu wote walikuwa wamerudi nyuma, na Goreth alikuwa pamoja nao. Muuguzi akautazama mkono wangu kama unavyotazama daftari la mtoto ambaye hana kosa, akasema, "Hii ni vitiligo tu, mama, pita." Alisema kwa sauti ya kawaida. Ile ya kelele ndiyo iliyosikika. Nikapita mbele ya foleni yote peke yangu kama mke wa gavana. Nimesafiri sana maishani, sijawahi kuvuka mpaka kwa haraka vile.

Kahama, mahali nilipoonewa wivu

Tulilala Kahama, kwenye nyumba ya wageni yenye mapazia ya zambarau. Goreth aliagiza lengalenga na bugari, yaani mchicha na ugali. Wakamletea chipsi zilizogandishwa ndani ya mayai. Aliziombea kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha mhudumu akamwita Mkongo, na chakula kikaharibika kabisa. Mimi, ambaye kwetu ni Kongo kweli, niliitwa Mrundi. Tulilala tumenuniana na Tanzania.

Asubuhi mwenye nyumba ile alituletea chai mwenyewe. Mama mnene, mchangamfu, uso wake mweupe wa njano na masikio yake meusi. Aliushika mkono wangu bila hata kuniuliza, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Dada, usinifiche. Umepaka krimu gani?"

"Sijapaka kitu. Ni ugonjwa."

"Sawa, ugonjwa," akanikonyeza. "Lakini ona ulivyotakata! Hauna hata sugu kwenye vidole. Mimi zangu zimegoma kabisa." Akanionyesha vifundo vya vidole vyake, vyeusi tititi, kama ushahidi mahakamani. "Niambie tu jina. Sitamwambia mtu."

Nilimweleza tena, polepole, kwa sauti yangu ya darasani. Nilimwambia naenda Dar ili weupe huu uondolewe. Akaniachia mkono, akanitazama kwa huruma ya dhati.

"Mungu akusamehe," akasema. "Wenzako wanalilia, wewe unaenda kufuta."

Nilicheka njia nzima, kisha karibu na Singida kicheko kikanigeukia. Kwetu wanaukimbia mkono wangu, hapa wanataka kuununua, na pande zote mbili hakuna aliyeuliza mwenyewe anajisikiaje. Goreth alikuwa amelala begani kwangu. Upande wa kushoto, bila shaka.

Dodoma hadi Dar

Dodoma tulishuka basi tukapanda treni ya umeme. Sina mengi ya kusema, kwa sababu ilitoka saa ile ile waliyosema itatoka, na safari isiyochelewa haina masimulizi. Goreth hakuamini. Alikuwa amekaa na kitambaa cha kujifuta machozi ya kungoja, akajikuta ameshafika Morogoro.

"Inaenda na nini?" akaniuliza.

"Umeme."

Akafikiri. "Na umeme ukikatika?"

Sisi wawili tu katika behewa lile ndio tuliokuwa na wasiwasi huo.

Hospitalini, na swali la Goreth

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Aliukagua mkono chini ya taa ya zambarau, akalinganisha na picha za zamani, akaridhika kwamba doa limetulia kweli. Hakunidanganya. Alisema mgongo wa mkono unaweza kukubali vizuri, lakini vifundo vya vidole ni vikaidi, hujikunja kila mara, huenda vikakataa. Alisema nisitarajie kuamka na mkono mpya. Utakuwa mwekundu, utachukiza, kisha baada ya miezi rangi itaanza kuingia taratibu. Akauliza kama tuna swali.

Goreth alikuwa nalo. Kumbe alikuwa amelibeba tangu Bujumbura.

"Daktari, huyo mutu alikuwa mukristo?"

"Mtu gani, mama?"

"Wa hiyo ngozi. Marehemu."

Daktari akanitazama mimi, nami nikatazama ukuta. Akaeleza kwa uvumilivu kwamba hakuna marehemu. Chembe zinatoka kwangu mwenyewe: wanakwangua kipande chembamba sana cha ngozi ya pajani, wanakiloweka kwenye dawa yenye joto mpaka chembe ziachane, wanakizungusha kwenye mashine, kisha wanamwagia maji yake juu ya doa lililoparuzwa.

Goreth aliposikia paja alivuta kitenge chake mpaka kwenye kifundo cha mguu.

"Paja? Yampayinka, daktari! Hakuna mahali ingine?"

"Paja ni pazuri, mama. Halionekani."

"Njo shida yenyewe!" akasema Goreth.

Siku ya kazi nilikuwa macho. Walinipiga sindano za ganzi pajani na mkononi, na baada ya hapo nikawa mtazamaji tu. Kipande walichokwangua kilikuwa kidogo kama stempu mbili za posta. Wakaondoka nacho. Nilingoja muda mrefu nikiwasikiliza wauguzi wakibishana kuhusu harusi ya mtu. Kisha daktari akarudi na kijichupa kidogo, ndani yake maji ya rangi ya uji uliozidi maji.

"Ndio hiyo tu?" nikauliza.

"Ndio hiyo tu."

Milima yote ile, mpaka, Kahama, kwa ajili ya kijiko cha uji. Akaliparuza doa kwa kijimashine kinacholia kama nzi aliyefungiwa chupani, akaumwagia mkono ule uji, akaufunika kwa utando mwembamba na bandeji, akaufunga kwenye ubao nisiweze hata kukunja kidole. Hapo, nisiwafiche, niliogopa. Nikawaza: na ikikataa je? Nitarudi kwenye viti nikiwa na doa lile lile na kovu la paja juu yake.

Wiki iliyofuata tulikaa katika chumba cha kupanga, joto limetukalia kichwani. Mkono wa kulia ubaoni, na wa kushoto hauli chakula mbele ya watu waliolelewa. Kwa hiyo Goreth alinilisha. Alikuwa akinawa, anakaa mbele yangu, anakanda wali na maharage kwa vidole vyake na kuniwekea mdomoni, kama unavyomlisha mtoto aliyeachishwa ziwa. Mwanamke ambaye miaka yote hiyo alinipa kifundo cha mkono. Siku chache za kwanza hatukutazamana. Kisha mchana mmoja, tonge likiwa njiani, akasema:

"Mama Divine, mi nilikuwa naogopa tu. Sijui hata nilikuwa naogopa nini."

Nilitamani kumjibu kitu kikali nilichokuwa nimekitunza kwa miaka, nikakitafuta, hakikuwepo. Nikafungua mdomo, akanipa tonge.

Jioni ile ile, kwa moyo mweupe kabisa, alichukua simu na kutuma sauti kwenye kundi la watsapu la akina mama wa kanisa. Nilimsikia kutoka bafuni, nikakimbia na mguu wangu mmoja wa bandeji, nikachelewa. "Bamama, Mungu ni mukubwa! Si ngozi ya mufu hata! Bamekata ngozi ya paja yake mwenyewe, banatia ku mukono. Mumuombee paja yake ipone!"

Kurudi, na habari iliyotutangulia

Walipofungua bandeji, mkono ulikuwa mwekundu kama nyama ya buchani. Goreth aliniambia ni mzuri. Ni mwongo mbaya, lakini nilimpenda kwa uongo ule.

Njia ya kurudi siisimulii. Ni ile ile, upande wa pili. Tulipita Kahama bila kulala, nikajifunika kanga mkono wote nisije nikaombewa tena msamaha. Ila niseme hivi: hakuna basi, treni wala ndege inayoishinda mwendo sauti ya Goreth. Tulipoingia Bujumbura mama wa kwanza kunipokea stendi hakuniuliza habari za mkono. Aliitazama sketi yangu.

Miezi ikapita. Wekundu ukafifia. Asubuhi moja, nikiandika ubaoni, niliona madoa ya kahawia kwenye mgongo wa mkono, madogo kama chungu wa sukari. Yakaongezeka, yakashikana mikono. Niliyatazama mara nyingi mpaka wanafunzi wakadhani nimesahau somo. Vifundo vya vidole vilikataa, kama daktari alivyosema. Vimebaki vyeupe, nami nimeviacha na ukaidi wao. Mahali pengine pote rangi ilirudi, iliyokoza kidogo kuliko jirani zake. Nililia jikoni, nikajifuta, nikaenda kwa Papa Samueli kuuomba mlango wangu.

Hatua ya mwisho: kutoka kwenye viti hadi mlangoni

Hii ndiyo safari fupi kuliko zote, na ndiyo iliyochukua muda mrefu. Papa Samueli aliitisha kamati. Nilikaa upande mmoja wa meza. Upande wa pili walikaa yeye, Pasta, Goreth na wazee wengine ambao hawakusema neno bali kuguna.

"Mukono imekuwa muzuri," akaanza Papa Samueli. "Mungu asifiwe. Lakini, Mama Divine, tumesikia ni... ile mahali."

"Ni chembe tu za ngozi, papa."

"Ndiyo. Lakini zilitoka wapi?"

Wazee wakaguna.

"Sasa mutu na heshima yake," akaendelea, jasho likimtoka, "anaingia nyumba ya Mungu, we unamupatia..." Akashindwa kumalizia. Alitazama dari kana kwamba neno limeandikwa huko.

"Bamama haina shida," akasema Pasta. "Shida ni ku bapapa."

Hapo ndipo Goreth, mpenzi wangu Goreth, alipotaka kuniokoa. "Lakini ilikuwa kidogo sana! Mi niliona. Kama tembre mbili za posta hivi, hapa," akaonyesha pajani pake pahali penyewe. Papa Samueli akafumba macho. Ninaamini mpaka leo hajafanikiwa kuifuta picha ile.

Waliponiita tena ndani baada ya kushauriana, walikuwa na suluhisho, na nyuso zao zilikuwa na furaha ya watu waliofikiri. Nitarudi mlangoni. Ila nitavaa glavu. Papa Samueli akaziweka mezani, mpya, zimekunjwa vizuri. Glavu nyeupe.

Nilizitazama. Nimevuka milima, nimechunwa paja, nimelishwa kama mtoto, ili kuuondoa weupe mkononi mwangu. Na kanisa langu limenipa weupe mwingine, wa kitambaa, safi, wa kuvaa kila Jumapili. Nilitaka kucheka, nilitaka kuzirusha. Nikasema asanteni.

Jumapili ile nilisimama mlangoni, glavu nikaziacha kwenye mkoba. Pasta alikuwa wa kwanza. Udadisi ulimshinda, akanyosha kiganja chote, vidole wazi. Nikakunja ngumi, nikampa kifundo cha mkono.

"Unisamehe, Pasta. Nimetoka kujipaka mafuta."

Akakishika. Angefanya nini? Akaja Papa Samueli na kiganja chake, nikampa kifundo. Wakaja wazee wa kuguna, wakaja akina mama waliotaka kuugeuzageuza mkono wangu kama nyanya sokoni. Wote niliwaomba radhi kwa adabu, wote nikawapa kifundo. Mstari mzima wa viganja visafi, na mkono mmoja tu mchafu Bujumbura nzima, wangu. Akaja Goreth. Nilimpa naye kifundo, akakishika, akanitazama, akaanza kutikisika mabega. Aliingia ndani akicheka peke yake, kitenge mdomoni. Yeye tu ndiye aliyeelewa.

Wimbo wa pili ulikuwa umeanza Mama Zawadi alipofika anahema, amechelewa kwa sababu samaki walichelewa. Akakunja ngumi, akanipa kifundo cha mkono.

"Apana, lete mukono," nikamwambia.

"Acha, mama, ninanuka."

"Lete tu."

Nikamfungua vidole mwenyewe. Kiganja chake kilikuwa na unyevu, kikavu pembeni, kimejaa chumvi. Akanishika kama anavyonishika siku zote, akaanza kunieleza kwamba mtoto wa mwisho anakohoa, kwamba paa linavuja upande wa jikoni, na kwaya ikaimba mpaka ubeti wa mwisho, naye bado anaeleza, bado amenishika, hajatazama chini hata mara moja. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia.

"Mama Zawadi, huoni mukono yangu?"

Akautazama. Akaugeuza mara moja, akatazama upande wa kiganja, kisha akanitazama usoni, wasiwasi umemwingia.

"Iko na nini?" akauliza.

Nikalia pale pale mlangoni, mbele ya protokole nzima, na harufu ya ndagala vidoleni.